Nyutro ya Nyumba Mbili

6 Machi

Kwa kaka yangu, Mzee wa Fyuzi,

Nakusalimu kutoka ukingoni mwa kitanda cha Mama. Amesinzia, nami nimeweka karatasi juu ya goti, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima usinicheke. Sisi wazima, ukimtoa huyo aliyesababisha barua hii. Mwanangu amepoteza meno mawili ya mbele na sasa kila neno analipuliza. Mimi nimepata kazi ya kushona sare za shule nzima. Vitambaa vimejaa hadi kwenye meza ya chakula, tunakula tumesimama.

Mama ametoka hospitali. Usifurahi haraka. Daktari alisema mapafu yamechakaa na hayatarudi yalivyokuwa. Kilichobaki ni kumsaidia kuvuta pumzi. Tumepewa mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, mrija wake unaingia puani. Akiwa nayo anakaa, anakula, ananigombeza kuhusu chumvi. Akiikosa kwa muda wa kuchemsha chai tu, midomo inabadilika rangi.

Sasa umeshajua tatizo liko wapi. Mashine inataka umeme, na umeme wetu unakatika bila kuaga. Mara ya kwanza ulipokatika nilimpepea kwa gazeti, kaka. Nilikuwa nalia huku napepea, kana kwamba hewa ya gazeti ina kitu chochote ndani yake. Ikabidi tununue jenereta. Iko uani chini ya bati, imekaa tu, hakuna aliyeigusa. Kila mtu anasema mwenye mtoto fundi hatafuti fundi, tumngoje yule wa mgodini aje aifunge. Mama ndiye anayesema kuliko wote. Gari likipunguza mwendo barabarani, anainua kichwa.

Njoo. Hata kwa wiki moja. Ukishindwa kabisa, niandikie hatua kwa hatua, nami nitamsomea Fundi Redio. Unamkumbuka, alianza kwa kuchokonoa redio mbovu za watu, siku hizi anafunga umeme nyumba nzima. Si mbaya, ila lazima aambiwe.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya ukuta, hawajambo. Nakomea hapo, amri yako naikumbuka.

Mdogo wako,
Sindano

27 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua imenikuta salama, ila vumbi la huku limetukaa kooni na sote tunakohoa. Mwambie huyo asiye na meno kwamba mjomba wake alikuwa hivyohivyo na sasa ana meno mengi kupita kiasi. Redio ya kambi ilipigwa na radi, haijatengenezwa, na simu huku hazishiki. Imebaki barua tu, nayo hungoja lori la mafuta.

Umefanya vizuri kukomea pale kwenye nyumba ya pili. Mtu anayesimama kwenye maziko ya baba yetu na kuwaambia waombolezaji kwamba kaka yake amezaa mtoto wa barua, si mtoto wa kuzika, huyo kwangu hayupo. Ni kweli nilifika kaburi limeshafukiwa. Barabara ilikuwa imekatika, na yeye alijua. Sitaki kumsikia kwa jina wala kwa cheo. Ameachana na mimi, na mimi nimeachana naye.

Sasa sikiliza, umsomee Fundi Redio polepole.

Kwanza, mtu asije akachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa ule waya wenye plagi huku na huku. Umeme utatoka nyumbani, utapanda nguzo, na fundi wa shirika la umeme aliye juu akidhani laini imekufa, atakufa yeye. Nunueni swichi ya kubadilishia, wenyewe wanaiita chenjiova. Upande mmoja ni nguzo, upande wa pili jenereta, katikati hakuna kitu. Lazima iachie huku kabisa ndipo ishike kule. Swichi inayoweza kushika kote kwa pamoja ni jeneza.

Halafu nyutro, na hapa ndipo mafundi wengi wanalala. Umeme unakuja kwa waya wa moto, unarudi kwa waya wa nyutro. Wavivu wanabadilisha ule wa moto peke yake, nyutro wanaiacha imeungana na nguzo siku zote, na nyutro ya jenereta hawaiungi na bodi lake, lile gamba la nje. Njia hiyo inafanya kazi, siikatai, lakini siipendi. Nataka swichi ya kukata zote mbili, ili nyumba ikihamia kwenye jenereta isiwe na deni lolote na nguzo. Na kwa kuwa jenereta itakuwa imebaki peke yake, nyutro yake iungwe na bodi lake la chuma, na bodi liungwe na nondo iliyozamishwa ardhini urefu wa mtu. Achague njia hii yote au ile yote. Asichanganye.

Kuhusu kuja, hapa pampu na feni zote zinategemea mashine zangu, na chini kuna watu. Msaidizi wangu ameacha kazi. Nitaangalia mwezi ujao.

Mbusu Mama.

Kaka yako

19 Aprili

Mzee wa Fyuzi,

Nakuandikia mchana, cherehani nimeifunika. Kikohozi kimeisha? Chemsha tangawizi, usingoje daktari wa kambi ambaye najua anatoa kidonge kimoja kwa kila ugonjwa. Mwanangu ameambiwa habari ya meno yako na sasa anataka picha kama ushahidi.

Kazi imefanyika. Fundi Redio amekuja na kaptula yake ya mifuko saba, nikamsomea barua yako kama wakili. Mahali palipoandikwa "wavivu" alikohoa. Swichi ya kukata nyaya zote mbili ameifunga kwenye korido, kando ya mlango wa chumba cha Mama. Nyutro ya jenereta ameiunga na bodi. Nondo ameizamisha, ingawa nadhani alipokutana na mwamba alikata kipande cha juu na kusema panatosha. Tulijaribu mara ile ile. Umeme wa nguzo tukauzima, jenereta ikanguruma, nikapindua swichi, mashine ya Mama ikaitika. Mama akapiga makofi mawili, kwa shida, akasema, "Huyo ni mwanangu aliyefanya hivyo, hata kama mikono ni ya mwingine." Nikatoka nje nisimwonyeshe uso.

Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi na Mama hajabadilika rangi hata mara moja. Basi pokea shukrani zako. Nilikuwa nimeshaanza kulala na nguo za kutokea.

Jambo moja dogo. Sisi tukiwa kwenye jenereta hatuwezi kujua umeme wa nguzo umerudi, kwa sababu nyumba nzima inawaka vilevile. Ila kuna jirani mmoja ambaye ukirudi, taa yake inaanza kuonyesha mwanga hafifu wa manjano. Akiiona hivyo anakuja mwenyewe uani, anatuzimia jenereta, ananiita dirishani, nami narudisha swichi. Sijamwomba, alianza tu. Anasema bodi la jenereta huwa linamtekenya vidole wakati huo. Fundi Redio anasema ni mtikisiko wa injini. Nimemwambia jirani avae ndala, anacheka, anasema miguu yake ilikuwepo kabla ya ndala.

Mwezi uliousema umefika. Mama hajauliza, na hilo ndilo linanitisha.

Sindano

11 Mei

Sindano,

Salamu zitakuja barua nyingine, leo nisamehe. Barua yako imenifikia leo hii, mvua iliifungia njiani. Nimeisoma mara mbili nimesimama.

Injini haimtekenyi mtu vidole kwa sababu umeme wa nguzo umerudi. Jenereta haijui kama umerudi au haujarudi. Kama inatekenya wakati huo tu, basi umeme wa nguzo unaingia kwenye nyutro yetu kupitia mahali fulani, unafika kwenye jenereta, na kwa kuwa nyutro na bodi vimeungana, unasimama kwenye bodi unamngoja mtu. Ulipaswa kushuka ardhini kwa nondo, lakini nondo uliyonielezea ni kijiti. Na taa inayowaka hafifu ni dalili ya kitu hichohicho. Umeme wake hauna njia nzuri ya kurudi.

Jirani gani huyo? Kuna mtu anachukua nyutro kwetu? Hata waya mmoja? Angalia nyaya zote zinazotoka kwenye boksi letu la umeme, hesabu na kilichomo ndani ya nyumba, niambie kama kuna usiojua unakwenda wapi.

Mpaka nikujibu tena, umeme ukirudi mtu yeyote asiguse jenereta. Wewe ukiwa ndani, rudisha swichi kwanza. Swichi ikisharudi nguzoni, bodi linakufa. Hapo ndipo mtu akazime. Mwambie jirani leo. Leo usiku, Sindano, mgongee mlango.

Leo linatekenya kwa sababu anayevuta ni taa moja. Siku kukiwa na kitu kizito kimewashwa halitatekenya.

Barua hii nampa dereva wa lori mkononi. Ameniapia ataileta mwenyewe.

Kaka yako

24 Mei

Kaka,

Natumai uko salama. Mwanangu yuko salama. Mama yupo.

Baba Mdogo amefariki.

Nimemtaja, sasa ukasirike. Ndiye aliyekuwa jirani. Ndiye aliyekuwa anakuja uani kila umeme ukirudi, mwaka mzima wa kununiwa na wewe hakuna siku aliyokosa kuuliza hali ya Mama. Kila mara aliniuliza, yule wa mbali ameandika? Nikimwambia ameandika, anasema vizuri. Kwangu alikuwa Baba Mdogo yuleyule aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Ningekuandikia hayo kwenye barua ipi?

Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kunyesha. Umeme ulikatika Mama Mdogo, mkewe, akiwa anapiga pasi kwao. Aliiacha pasi kwenye ubao wake, haikuchomolewa, akaenda kuanua nguo. Sisi tukahamia kwenye jenereta kama kawaida. Baadaye nikasikia mlango wa nyumba ya pili, na miguu kwenye tope. Akapaza sauti, "Umeme umerudi, mwanangu." Nikaenda kwenye swichi nikangoja jenereta izimike ndipo niipindue, kama siku zote. Haikuzimika. Nikangoja. Nilidhani anafuta miguu.

Nilimkuta ameshika kishikio cha jenereta na mkono haukuachia. Nilikimbia ndani nikarudisha swichi, sijui nani alinituma, pengine nilitaka tu kuzima kitu. Hapo ndipo alipoanguka. Fundi Redio alikuja, jirani mwenye gari akaja, tukampeleka. Hakurudi.

Barua yako ililetwa na dereva mwenyewe baada ya maziko. Alitukuta tumekaa uani, akaona watu, akanipa huku ameinamisha kichwa. Nimeisoma, kila neno. Uliuliza kama kuna waya mmoja. Upo.

Wewe ulikuwa umeshaondoka nyumbani. Ulipita upepo mkali ukakata nyutro ya Baba Mdogo kutoka kwenye nguzo. Shirika likaahidi kuja, hawakuja. Baba akavuta waya mmoja kutoka kwenye boksi letu, akaupitisha juu ya ukuta mpaka kwake, taa zikawaka. Akasema, sisi ni tumbo moja, nyutro moja inatutosha. Tulicheka wote. Hakuna aliyekwenda tena kuwasumbua shirika. Moto wake alikuwa anaupata kwenye nguzo yake, kurudi anarudia kwetu, na miaka yote hiyo haikumdhuru mtu.

Fundi Redio aliuona siku ya kufunga swichi. Aliniuliza huu ni wa nini. Nilimwambia ni kazi ya Baba, uache. Nilifikiria kukuandikia, nikaanza hata sentensi, "kuna waya unaokwenda kwa," nikasimama hapo. Ningeandika unakwenda kwa nani? Nikaona kwa nini nikuudhi kwa waya mmoja, nikachana karatasi nikaanza upya.

Mama Mdogo anasema pasi yake ndiyo iliyomwua mumewe. Hali chakula, hasemi lingine. Mama naye alisikia vilio dirishani akajua kabla hatujamwambia. Jenereta nimeitoa nyaya zote. Umeme ukikatika sasa sina chochote, nimerudi kwenye gazeti. Juzi ulikatika kwa muda mfupi tu na bado midomo yake haijarudi rangi yake.

Niambie cha kufanya na hizo nyaya. Kingine usiniambie.

Dada yako

16 Juni

Dada yangu,

Poleni. Nimeandika neno hilo nikalitazama, halina uzito wowote. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na mimi sijui hata niko upande gani. Nilimwambia kila mtu kambini kwamba sina baba mdogo. Sasa nimefiwa na mtu ambaye siruhusiwi na kinywa changu mwenyewe kumlilia.

Mwambie Mama Mdogo si pasi. Nakuomba umsomee hapa. Pasi ilifanya kazi yake kama pasi yoyote katika nyumba yoyote. Umeme uliingia kwenye pasi ukatafuta njia ya kurudi nguzoni, na njia tulikuwa tumeikata sisi, kwa swichi niliyoiagiza mimi, kwa maelezo yangu. Ile njia ya pili, ile niliyoiita ya wavivu, ingeacha nyutro yetu imeshikana na nguzo siku zote, na waya wa Baba ungeendelea kurudisha umeme wa nyumba ya pili kama ulivyofanya miaka yote. Asingekufa. Ningemwacha Fundi Redio afanye alivyozoea, asingekufa. Mimi nilitaka ifanyike kwa ubora. Njia yangu si mbaya, ni salama kuliko ile, ila inataka anayeifunga ajue kila waya wa nyumba, na mimi niliwakataza mnieleze nyumba yangu.

Sasa za Mama. Fundi Redio aukate waya wa Baba pande zote mbili na kuutoa kabisa, asiuache ukining'inia. Kabla hajaukata, azime umeme wa moto wa nyumba ya pili kwenye mita yao, na wakae bila umeme mpaka shirika liwaletee nyutro yao wenyewe kutoka kwenye nguzo. Nenda ukakae ofisini kwao, usiondoke. Nondo aing'oe, atafute mahali pasipo mwamba, azamishe yote. Kisha ajaribu hivi: jenereta iwake, umeme wa nguzo uwepo, nyumba ya pili wawashe kila walicho nacho, pasi pia. Achukue taa ya kupimia, waya wake mmoja kwenye bodi la jenereta, mwingine kwenye chuma kilichochomekwa ardhini mbali kidogo. Taa isionyeshe hata uzi mwekundu. Akimaliza arudie. Na kuanzia sasa swichi inarudi kwanza, jenereta inazimwa mwisho, hata kama mtu ana haraka ya kufa.

Umesema kingine nisikuambie. Nitakuambia kimoja. Si pampu zinazonizuia. Msaidizi mpya alikuja tangu Aprili. Nimefunga mkoba mara mbili nikaufungua. Kila siku nawapelekea watu hewa chini ya ardhi, lakini nikifikiria kuketi kando ya Mama na kumwangalia anavyoitafuta pumzi, miguu inakataa. Kwa Baba pia ilikuwa hivyo. Barabara ilikatika, ndiyo, lakini niliposikia imekatika nilishukuru. Alichosema Baba Mdogo pale kaburini kiliniuma kwa sababu alikuwa amenisoma.

Lori la leo linachukua barua hii, jingine linakuja baada ya siku chache. Nitakuwa ndani yake. Mwambie Mama.

Kaka yako

2 Agosti

Kaka,

Nakusalimu. Sare zimekwisha, shule imezichukua. Mwanangu ameanza kuota meno.

Lori limekuja mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda mimi na mwanangu kulipokea, dereva akatuona akatazama pembeni. Mara ya pili sikwenda. Nilikuwa nimemwambia Mama, kama ulivyoagiza. Alitaka nimbadilishie shuka na kumsuka. Nilimsuka.

Nyaya zimefanywa. Nilikaa ofisi ya shirika mpaka wakanizoea, wakaja na ngazi yao wakaleta nyutro ya nyumba ya pili kutoka kwenye nguzo, kazi ya kuvuta waya mmoja, walimaliza kabla chai waliyotengewa haijapoa. Nilisimama pale chini nikiwatazama, nikatamani kuwatukana na sikuweza. Fundi Redio aliutoa waya wa Baba, akaukunja, akauliza auweke wapi. Alipima kama ulivyosema, na pasi imewashwa, Mama Mdogo mwenyewe aliiwasha. Taa haikuonyesha kitu. Alirudia, haikuonyesha kitu. Barua yako nimemsomea Mama Mdogo sehemu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hata hivyo ningeichomoa." Ndivyo alivyo mpaka leo.

Umeme ulipokatika mara ya kwanza baada ya hapo, Mama alikataa. Alitoa mrija puani kwa mkono wake, akasema, "Sivuti pumzi iliyomwua shemeji yangu." Nilimbembeleza. Nilimweleza habari za nyaya kama ulivyonieleza wewe, utafikiri anasikiliza mhubiri wa dini nyingine. Mwishowe nikasema potelea mbali, nitawasha kwa nguvu, nikaenda kwenye korido nikasimama mbele ya swichi. Kaka, mkono haukwenda. Nilijua ni salama, niliona inapimwa kwa macho yangu, na mkono haukwenda. Nikawa nimesimama pale namsikia Mama anavyohangaika nyuma ya ukuta.

Mama Mdogo ndiye aliyekuja. Aliona kwetu kimya akajua. Alipita uani, akaivuta kamba ya jenereta mpaka ikawaka, akaingia na matope yake, akanisogeza kwa bega, akapindua swichi. Kisha akaenda chumbani, akamrudishia Mama mrija. Sikumsikia akipandisha sauti. Alimwambia, "Vuta, dada. Nyumba ile nimebaki peke yangu, usinifanye nibaki na hii pia." Mama akavuta.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewasha na kuzima, hakuniruhusu kugusa. Umeme ukirudi alikuja kwanza ndani kurudisha swichi, halafu ndipo akatoka kuzima. Hakukosea hata mara moja. Wiki tatu zote alilala kwa kusikiliza.

Mama amefariki Jumanne. Tumemzika kesho yake. Sikukungoja, na sikumruhusu mtu yeyote kuuliza kama tungoje. Hakuna aliyesimama kusema neno juu yako. Mtu wa kulisema ameshakufa.

Nakujua, utakaa na kalamu utafute kosa. Utauliza swichi ilikuwa upande gani, tulichelewa kiasi gani, nondo ilikuwa imara au vipi. Usiandike. Umeme wa nguzo ulikuwepo tangu asubuhi, haukuyumba. Jenereta ilikuwa imezimwa, kila waya ulikuwa mahali pake. Nilikuwa nimeketi palepale kando yake nikishona kola za mashati, kichwa kimeinama, mashine inaendelea kuguruma na kupeleka hewa kwenye mrija, nami nikiisikia najua yupo. Nilipoinua uso kumwuliza kama anataka chai, alikuwa ameshapoa mikono. Sijui aliniacha nikiwa kwenye kola ipi.

Dada yako